"Wewe leta maji"

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana kilimjengea nyumba mama mmoja mjane hapa kambini. Mimi ndiye niliyegawa kazi: wavulana kwenye mwiko, wasichana kuchota maji na kukanda udongo. Siku ya pili msichana mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona fundi anainama kwa kila tofali? Si tuyaweke juu ya meza?"

Nikamjibu, "Wewe leta maji." Wavulana wakacheka. Kesho yake hakuja.

Miezi ikapita. Nikiwa natayarisha somo la vijana kuhusu wanawake na ufundi, nikasoma habari za Lillian Gilbreth, Mmarekani aliyezaliwa 1878. Mume wake, Frank, alianza kazi kama fundi mwashi. Aliona mafundi wanavyoinama kuokota tofali moja moja, akabuni jukwaa la kuyaweka matofali usawa wa mikono. Miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikapungua hadi kama 5 hivi.

Hapo nikaacha kusoma. Yalikuwa maneno ya yule dada.

Baadaye nikaendelea. Frank na Lillian walichunguza kazi za watu pamoja. Walizaa watoto 12, mmoja akafariki angali mdogo, na katikati ya malezi hayo Lillian akapata shahada ya uzamivu mwaka 1915. Mwaka 1924 Frank akafa ghafla. Siku chache tu baadaye Lillian akapanda meli kwenda Ulaya kumwakilisha kwenye mikutano. Lakini kampuni zilizokuwa zikiwapa kazi zikaanza kumkimbia: mwanamke atawafundisha nini wanaume kiwandani? Na nyumbani kuna watoto 11 wanataka kula.

Basi akafungua mafunzo nyumbani kwake. Akageukia jiko, akahesabu hatua za mpishi, akapima kimo cha meza na sinki ili mama asiumie mgongo. Lile pipa la taka la kukanyaga kwa mguu, kama lililoko zahanati yetu, yeye ndiye anayetajwa kuwa alilibuni. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue kikamfanya profesa, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa uhandisi pale. Alifundisha hadi 1948.

Nilienda kwa yule dada kuomba msamaha. Mama yake akanikaribisha kiti. Yeye akaendelea kuosha sufuria. Nikasema yote, pamoja na kicheko kile. Kimya. Mwishoni akauliza, "Meza mmepata?"

Hatukuwa nayo. Tuliazima benchi la kanisa, na safari hii mwiko alishika yeye.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, na sisi viongozi wa vijana: kabla ya kuandika orodha ya nani atajenga na nani ataleta maji, tuwaulize kwanza wanaoleta maji wameona nini.