Tungo Zilizozaliwa Ng'ambo

Siku hizi mtu akitaka maneno ya wimbo wa harusi, kaulimbiu ya kampeni au jina la kanga mpya, hana haja ya kumsumbua malenga. Huiandikia programu ya akili mnemba sentensi mbili, na kabla chai haijapoa ana mapendekezo ishirini, yote yana vina. Vikao vya kubuni mawazo navyo vimegeuka: watu wanasalimiana, wanakaa, kisha simu zinafunguliwa kabla ya vinywa. Kijana aliyekulia katika hali hii hana kosa akidhani kwamba mawazo hupatikana hivyo tangu zamani, kwa kuomba na kupewa. Lakini pwani hii ina kumbukumbu nyingine ya jinsi jambo jipya linavyobuniwa. Asipoijua, hana cha kupimia hicho anachopewa.

Taarabu iliyomtangulia Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, ilikuwa ya jumba la Sultani. Inasimuliwa kwamba Sultani Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, na mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyo hai hadi leo. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, zikifuata mitindo ya Cairo, na waliozipiga walikuwa mafundi wa kweli. Silisemi hili kwa kuwashusha. Ila mchukuzi wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, aliyezisikia kwa mbali hakuwamo ndani yake, wala shida yake haikuwamo. Siti alitoka Fumba, katika familia iliyopitia utumwa, akauza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti. Wengi hutaja 1880 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake, wengine husema ni karibu na hapo. Kuhamia mjini hutajwa 1911, safari ya Bombay kurekodi santuri ni ya 1928, na kifo chake ni cha 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na anayezitaka habari za maisha yake aanzie huko. Tuziache tarehe hapo, tuingie nyumbani kwake.

Jioni walikusanyika pale wenzake wa muziki, Subeti bin Ambari, Budda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Mwalimu Shaaban, na pamoja nao majirani waliokuja kusikiliza mazoezi. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Unguja kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za mji ule, na picha wanayoichora ni ya nyumba iliyokuwa ukumbi wa muziki na baraza la mtaa kwa wakati mmoja. Habari za mchana zililetwa, zikabishaniwa, zikageuzwa beti. Tufikirie ni nani walioishi Ng'ambo: wachukuzi wa bandarini, mafundi wa kujenga, wapishi na watumishi wa nyumba za wakubwa, wanawake waliovaa kanga ili wasivae tena kaniki ya utumwa. Mtumishi wa ndani huyasikia ya mezani kwa mwajiri wake. Mchukuzi anajua ni bidhaa ya nani iliyokwama forodhani na kwa nini. Mwanamke aliyeshinda mahakamani akimsubiri kadhi anajua jinsi kesi zinavyoamuliwa mwenye fedha anapotaka ziamuliwe. Watu hao wakikaa chumba kimoja, kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake hana, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa gazetini. Ni Ng'ambo hiihii ambayo mwaka 1928 wakazi wake walikataa kulipa kodi ya ardhi waliyojengea, na Fair anaonyesha kwamba nyimbo na mgomo vilitoka katika mazungumzo yaleyale.

Wimbo unaoonyesha hili kuliko yote ni ule wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Mrima, mja mzito, alitoka kwenda kustarehe usiku na wenyeji wake, akanajisiwa na kuuawa. Mtuhumiwa, Kijiti, alitoroka kisiwani. Walioadhibiwa na mahakama ni wanawake waliokuwa mashahidi, kwa kosa la pombe. Kwa karani wa mahakama, kesi ilikwisha hapo na jalada likafungwa. Nyumbani kwa Siti haikwisha. Pale ilionekana kuwa ni habari ya dola inayomwacha muuaji akaenda zake na kuwafunga wanyonge waliosema kweli, na wimbo ukaipeleka hukumu hiyo ya mtaa hadi kwenye santuri. Hoja yangu yote imo humu. Wazo la wimbo ule halikuwa kuunganisha maneno yanayofaa kukaa pamoja. Lilikuwa uamuzi wa watu waliojua jambo lisiloandikwa, waliokasirika kwa ajili yake, na waliokuwa tayari kuonekana wakilisema. Mashine inayojifunza kwa yaliyoandikwa ingelipata jalada la karani. Hata Fair, mtafiti mwenye nyaraka zote za serikali mbele yake, ilimbidi awafuate wazee vibarazani ndipo aujue mji.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba nausifu mkusanyiko kupita kiasi, na wana ushahidi. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani aliyeueneza utaratibu wa vikao vya kubuni mawazo katika miaka ya 1940 na 1950, aliahidi kwamba kundi litatoa mawazo mengi kuliko mtu mmoja mmoja. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima ahadi hiyo, wakakuta kwamba watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, waliwashinda wanne waliokaa kikao kimoja. Tafiti za baadaye zimekuta hali ileile: watu wanasubiriana zamu, wanaoneana haya, wengine wanawaachia wenzao kazi. Basi kama kikao cha watu ni dhaifu hivyo, kwa nini tusiitumie mashine isiyochoka wala kuona haya?

Nakubali ushahidi huo, lakini tuutazame unapima nini. Unahesabu mawazo yaliyotolewa na watu waliopewa swali la kuigiza, ambalo hakuna kati yao atakayeumia likijibiwa vibaya. Osborn mwenyewe aliweka sharti kwamba mtu asikosoe wazo la mwenzake. Baraza la pwani halijawahi kuwa na sharti hilo. Ubeti mbovu huchekwa papo hapo, habari ya uongo hupingwa na aliyekuwapo, na mwenye wazo analitetea au analiacha. Zaidi ya hayo, matokeo ya Yale yanaunga mkono jambo ninalolisema: walioshinda walishinda kwa sababu kila mmoja alifikiri kivyake kabla ya kuathiriwa na mwingine. Wageni wa Siti walikuwa wameshinda kutwa kila mmoja kwenye kazi yake, wakafika jioni na vichwa tofauti. Tofauti hiyo ndiyo mali, na ndiyo hasa mashine inayoipunguza. Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser walichapisha katika jarida la Science Advances jaribio la waandishi wa hadithi fupi, baadhi yao wakipewa mawazo ya kuanzia na akili mnemba. Hadithi zilizosaidiwa zilipewa alama za juu zaidi, na waliofaidika kuliko wote ni wale ambao ubunifu wao ulikuwa mdogo. Hilo ni jambo la haki, na sitaki mtu anyimwe msaada huo. Lakini zilipowekwa pamoja, hadithi hizo zilifanana zenyewe kwa zenyewe kuliko za waandishi waliojitegemea. Kila mmoja alipata kitu, na wote kwa jumla wakawa maskini zaidi.

Kufanana huko kunaniudhi kwa sababu tumeshakuona kukija. Baada ya Siti walikuja wengine wenye rangi zao. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila. Mombasa, Ahmad Nassir aliandika na Juma Bhalo akaimba. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam iligawanyika kati ya Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, na mipasho yao ilikuwa mikali kwa sababu kila upande ulijua kwamba utajibiwa, na utajibiwa na mtu anayeujua mwenendo wake. Halafu nyimbo zikaanza kurudia maneno yaleyale ya mahasidi na wambea, bila hasidi mwenyewe kujulikana. Kanga nazo zikachapwa zikiwa na makosa ya tahajia. Ufukara huo haukuletwa na akili mnemba. Imeukuta, na sasa inauzalisha kwa kasi.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi: mashine bado haijasoma Kiswahili cha kutosha, na ikisha kukisoma itabuni kama sisi. Inawezekana ikajua methali zote na vina vyote, na itatufaa kwa kazi nyingi, kama kupanga orodha, kukagua mizani na kukumbusha lililosahauliwa. Lakini wingi wa matini hauipi jirani aliyedhulumiwa leo asubuhi, wala hauifanyi iogope hakimu kisha iseme pamoja na hofu hiyo. Siti alipoimba habari ya mahakama, mahakama ilijua nyumba yake ilipo. Neno lake lilikuwa na mdhamini, na wasikilizaji walilipokea kwa uzito huo.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi vya taarabu, walimu wa ushairi, wahariri, na wote wanaoitisha vikao vya kubuni mawazo: simu zikae mfukoni kwa saa ya kwanza. Kila mtu aseme alilokuja nalo kutoka kwake, mpishi na mchukuzi wakiwamo, mbishane mpaka muafikiane au mshindwe. Mashine iitwe baadaye, ikiwa bado mtaihitaji.