Pemba: Kila nyumba ina mtu ng'ambo, kila baraza ina swali

KAMA unadhani Pemba ni karafuu na mchezo wa ng'ombe tu, msomaji wangu, basi hujakaa barazani Wete baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikwenda na mambo yangu mepesi: kula pweza, kuogelea Vumawimbi, nirudi Dar na habari ya kuwachangamsha vijana wenzangu. Nimerudi na daftari limejaa maswali ya pasipoti.

Safari yenyewe si ngumu. Meli inakushusha Mkoani, kusini mwa kisiwa. Ukitoka gatini unapanda gari namba 603 hadi Chake Chake, kisha 606 hadi Wete. Njia ni vilima, kupanda na kushuka, huku mikarafuu, huku migomba, bondeni mpunga. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na hawakusema uongo. Msimu wa karafuu ukiingia, majamvi yanatandikwa kando ya barabara na gari zima linanukia.

Ndani ya gari ndiko nilikoanza kuona mambo. Bi mkubwa mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, kapakata kikapu cha muhogo, aliitikia shikamoo yangu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dar es Salaam.

"Basi mwanangu, nyinyi wa mjini mnajua mambo. Kijana wangu yuko Uingereza, mwaka wa tisa huu. Anasema akija kutuona atafungiwa mlango. Kweli hayo?"

Kabla sijafungua mdomo, abiria wa nyuma akadakia kwamba wake yuko Toronto. Dereva naye ana kaka Maskati. Konda, kijana wa rika langu, akacheka: "Yakhe, hapa usitafute nyumba isiyo na mtu ng'ambo. Hutaiona."

WATU WA DAGO

Ukitaka kujua chanzo chake, vuka maji uende Kojani, kisiwa kidogo upande wa mashariki. Nyumba zimebanana bega kwa bega, na kazi ya watu ni moja: bahari. Wakojani wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago. Kama hulijui neno hili, ni hivi: wavuvi wanahama na vyombo, nyavu na masufuria yao, wanapiga kambi ufukwe wa mbali kwa wiki au miezi wakifuata samaki. Pepo zikigeuka, wanarudi.

Wengine hawakurudi. Walipata wake, wakajenga, wakazaa. Tangu enzi za mkoloni, Wapemba walihamia Vanga, Shimoni, hadi Kilifi, na kuweka maskani huko. Leo tunasema wamehamia Kenya. Lakini sikiliza jambo ambalo shuleni tulilipita haraka: mpaka mwaka 1963, ule ukanda wa pwani ya Kenya wa maili 10 kwa sheria ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha kwa mkataba wa 1895. Kwa hiyo Mpemba aliyetia tanga Wete na kutia nanga Shimoni alikuwa bado yuko chini ya bendera ileile nyekundu. Kwake ilikuwa kama kutoka ukumbini kuingia uani.

Halafu mambo yakaenda mbio. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya ikafuata siku mbili baadaye, ukanda ukiwa sehemu yake. Mapinduzi yakaja Januari 1964, Muungano ukaja Aprili. Katika miezi mitano tu, mvuvi aliyelala chini ya mti uleule, kando ya ngalawa ileile, akajikuta mgeni. Kenya huru iliwapa uraia moja kwa moja waliozaliwa huko na wenye mzazi mmoja aliyezaliwa huko. Wengine walipewa miaka miwili kujiandikisha. Mvuvi gani wa dago angekwenda kujiandikisha ofisini ilhali hakuna aliyewahi kumuuliza karatasi?

Karatasi ilikuja kuulizwa baadaye, na hapo ndipo ikawa noma. Bila kitambulisho cha Kenya huna leseni ya kuvua, huna akaunti ya benki, huna laini ya simu kwa jina lako. Mtoto anasoma kwa shida maana cheti cha kuzaliwa ni mbinde. Kenya waliambiwa nyinyi Watanzania. Wakija huku wanaambiwa nyinyi Wakenya. Watu zaidi ya 7,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, hawakuwa raia wa nchi yoyote.

Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia dirisha watu wasio na uraia waliokuwa nchini tangu uhuru, lakini ilikuwa na muda wake, na muda ukamalizika 2019 wengi wakiwa bado nje. Wamakonde wa Kwale walitangulia kupata: mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kwenda Nairobi, na 2017 wakapewa vitambulisho. Wapemba walisubiri hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipokwenda Kilifi na kuwatambua rasmi kuwa ni jamii ya Kenya. Piga hesabu mwenyewe: toka 1963 hadi 2023. Miaka 60 kwa karatasi moja.

WALIOKIMBIA, WALIOPANDA NDEGE

Safari za Pemba hazikuwa za samaki tu. Januari 2001, baada ya maandamano ya kudai uchaguzi mpya na watu zaidi ya 30 kupoteza maisha, wakazi zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni wakawa wakimbizi. Wengi walirudi mwaka huohuo, baadhi wakaendelea mbele. Wengine walishatangulia Uingereza miaka ya tisini kuomba hifadhi. Na kabla yao kulikuwa na wenye asili ya Oman, ambao Sultani Qaboos aliwaita nyumbani baada ya kushika madaraka mwaka 1970. Ndiyo maana leo ukitua Maskati unaweza kununua mboga kwa Kiswahili.

Sasa jioni ile Wete, kahawa imemiminwa na haluwa iko sahanini, niliposema mimi ni mwandishi wa gazeti, wazee wakadhani nimekuja na majibu. Mimi si mwanasheria, nimemaliza fomu foo nikashika kalamu. Lakini niliyoyasoma na kuyauliza ni haya, na mengi ni majibu ambayo kijana yeyote anayeota majuu anapaswa kuyajua kabla hajapanda ndege.

KIJANA WA UINGEREZA

Tuanze na yule bi mkubwa wa kwenye gari. Jibu lake ni moja: inategemea mwanawe ana karatasi gani.

Kama ana ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo, aje hata kesho, ale pilau, amwone mama yake. Asichoruhusiwa ni kukaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo. Akizidisha, ruhusa inakufa na anaanza kuomba upya.

Kama ana hifadhi ya ukimbizi, hapo atahadhari. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mtu akijirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake unaweza kufutwa. Ukimwambia afisa wa London kwamba nyumbani utauawa, kisha ukaonekana Wete kwenye harusi ya binamu kwa pasipoti ya Tanzania, utajieleza vipi? Wengi husubiri mpaka wapate uraia wa huko, ndipo waje.

Na kama hana karatasi yoyote, anabeba maboksi kwa kujificha, basi kijana anasema kweli. Akitoka, mlango unafungwa. Mama asimlaumu, lakini ni vizuri ajue ukweli.

Anayetaka uraia wa huko kwa kawaida awe ameishi miaka mitano, mwaka wa mwisho akiwa na ile ruhusa isiyo na kikomo, na katika miaka hiyo asiwe ametoka nje zaidi ya siku 450. Tangu 2025 serikali yao imekuwa ikibana masharti ya wageni, kwa hiyo hata ukisoma haya, uliza tena siku unayoomba.

KADI YA KIJANI NA HESABU ZA SIKU

Swali la pili kwa umaarufu: "Kadi ya kijani ya Marekani inadumu miaka kumi. Kwa hiyo naweza kukaa Pemba miaka tisa, nirudi?" Hapana, mshikaji. Miaka 10 ni uhai wa plastiki. Haki yenyewe inategemea wewe kuishi kule. Ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, wanaweza kusema umeihama nchi yao. Kibali hicho unakiomba ukiwa bado Marekani, kabla ya kuondoka, na kwa kawaida hakizidi miaka miwili. Na ukikaa nje zaidi ya miezi sita, hesabu yako ya uraia inaweza kukatika. Uraia wenyewe ni baada ya miaka mitano ya kadi, au mitatu kama umeoa au kuolewa na raia na mnaishi pamoja, na angalau nusu ya muda huo uwe umekanyaga ardhi yao.

Kanada wao wanapenda hesabu. Ili ukaazi wako wa kudumu usikutoke, uwe umekaa kule siku 730 katika kila miaka mitano. Ukitaka uraia, siku 1,095 katika miaka mitano. Mwenye mtu wake Toronto amnunulie kalenda.

Oman je? Wengi barazani walidhani ukiwa na babu wa Kiarabu inatosha. Sheria mpya ya uraia ya Oman ya mwaka 2025 inamtaka mgeni awe ameishi huko miaka 15 mfululizo na ajue kusoma na kuandika Kiarabu. Kuhifadhi nyimbo za taarabu hakuhesabiki!

BEI YAKE

Hapa ndipo baraza iligawanyika. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alisema pasipoti ni kama shati, unavaa linalokufaa. Kijana aliyekaa kwenye ngazi akamjibu kwa adabu: "Ami, shati unaweza kuvaa mawili. Pasipoti ya Tanzania haikubali nyingine juu yake."

Kijana alikuwa sahihi. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku unayoapa kuwa raia wa Uingereza au Kanada kwa hiari yako, Utanzania wako umekwisha. Majirani zetu Kenya waliruhusu uraia pacha kwenye Katiba ya 2010. Sisi bado. Serikali imekuja na utaratibu wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi si uraia: haikupi kura wala pasipoti.

Matokeo yake? Mtoto wa Wete aliyepanda mikarafuu na babu yake anatua Unguja na pasipoti ya Kanada, anajipanga foleni ya wageni pamoja na watalii wenye kaptula, analipa dola 50 za viza, anagongewa muhuri wa siku za kukaa. Nje mama anasubiri na kanga mkononi. Siku zikiisha, aende zake. Na akitaka kurudi kuwa Mtanzania, hakuna njia ya mkato: kama mgeni mwingine ataomba uraia wa tajnisi.

Watoto nao wana hesabu yao. Aliyezaliwa ng'ambo na baba au mama aliye raia kwa kuzaliwa, huyo ni Mtanzania kwa kurithi. Lakini yeye naye akizaa hukohuko ng'ambo, haurithishi tena. Na akiwa na uraia mwingine, akifika miaka 18 anatakiwa achague mmoja. Kwa hiyo mjukuu wa Kojani anaweza kuwa Mpemba kwa jina, kwa sura na kwa mapishi, na asiwe Mtanzania.

Sisemi usichukue uraia wa watu. Mwenye watoto kule, nyumba kule na pensheni kule, ana sababu zake. Ninachosema ni kwamba chagua ukijua bei, usije ukashtukia kaunta ya viza.

KABLA HUJAPANDA MELI

Wale wa Vanga na Shimoni hawakuvunja sheria. Walikaa tu, na kukaa peke yake hakukuwatosha. Kijana mwenzangu, wewe una bahati ya kujua mapema.

Kama uko ng'ambo, andika tarehe ya kila unapotoka na unaporudi, na tunza pasipoti za zamani, risiti za kodi ya nyumba na za mshahara. Siku ya kuomba, hizo ndizo zitakusemea. Ukipata mtoto, msajili, na peleka habari ubalozini. Maswali ya sheria muulize mwanasheria au idara yenyewe, si rafiki aliyekutangulia mwaka mmoja.

Kama uko nyumbani, anza na sheha wako. Barua yake ndiyo mlango wa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari, na bila hivyo hata pasipoti usiiote. Wapemba wa zamani walivuka bahari na nyavu tu. Wewe vuka na cheti chako mfukoni.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutapumzika na mambo ya karatasi. Nitawapeleka msitu wa Ngezi kumtafuta popo mkubwa wa Pemba. Yeye huruka atakako, haulizwi viza. Kwaherini!