Risasi Kutoka Si Shida, Shida ni Ganda

Wasee wa PUBG na Call of Duty, hii ni yenu. Kwa simu bunduki haikwami. Unabonyeza, inalia, unabonyeza tena, risasi zikiisha unabadilisha magazini kwa sekunde mbili na maisha yanaendelea. Wengi wetu kile tunajua kuhusu silaha tulikitoa hapo, ama kwa muvi. Na si sisi vijana pekee. Juzi nimekaa Meru na watu wazima wanne wakibishana lisaa lizima kuhusu bastola mpya ya anko wangu, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitu yenyewe.

Anko ana leseni, alipita kwa Bodi ya Leseni za Silaha kama inavyotakiwa, akanunua bastola ya milimita tisa ikiwa bado inanukia mafuta ya kiwandani. Akaenda kwa uwanja wa shabaha kuijaribu. Kati ya risasi hamsini, mara sita ganda lilikataa kutoka. Mmoja akasema ameuziwa feki. Mwingine akasema ni mpya tu, itazoea, kama viatu. Wa tatu akasema anajua fundi wa gereji mwenye mkono mzuri, achukue msasa akwaruze hapo ndani dakika kumi, kazi iishe.

Kwanza tuelewane ni nini hukwama. Risasi nzima ina ganda la shaba, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Ukifyatua, baruti inaungua, kichwa kinatoka kwa mtutu, lakini ganda linabaki kwa chemba. Na moto ule umelifura, limebana kuta za chemba kama kifuniko cha chupa. Slaidi ikirudi nyuma, kuna ndoano ndogo pembeni, ndogo kuliko kucha yako, inashika ukingo wa ganda na kulivuta. Halafu ganda linagonga kijiti fulani na kuruka nje. Risasi mpya inapanda. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Sasa ndoano isipovuta, slaidi bado inaleta risasi mpya, nayo inagonga mgongo wa ganda la zamani. Hapo bastola imegeuka kipande cha chuma. Hata huwezi kuitikisa tu ikubali. Unaelekeza mtutu mahali salama, kidole mbali na kifyatulio, unatoa magazini kwanza, ndio uanze kuvuta slaidi. Na usichungulie mtutu, tafadhali. Nimeona video za watu wakichungulia.

Kile kilichonifurahisha ni kwamba ganda lenyewe ni shahidi. Msimamizi wa uwanja aliokota yale sita na kuangalia ukingo wao. Akatuonyesha: ukingo ukiwa umekwaruzwa ama umeraruka, ndoano ilishika vizuri lakini ganda liling'ang'ania chemba. Chemba ni chafu, ama haikulainishwa vizuri. Ukingo ukiwa safi kabisa, ndoano haikushika. Pengine springi yake ni dhaifu, pengine kuna uchafu umejaa chini yake. Na kuna sababu zingine hazihusu bastola: risasi dhaifu ambazo hazisukumi slaidi hadi mwisho, ama mtu anashika bastola kwa mkono legevu kama anashika kuku, nguvu ya kurudi ikapotelea kwa kifundo cha mkono.

Ya anko ukingo ulikuwa safi. Chini ya ndoano kulikuwa na grisi nzito ya kuhifadhia, ile huwekwa ili chuma kisipate kutu njiani. Ikasafishwa, akajaribu tena, ikakwama mara moja. Ikarudi kwa muuzaji, ikabadilishwa springi. Stori ya anko inaishia hapo.

Lakini ile ya msasa bado inanikera. Ukikwaruza ndoano ukapoteza hata unene wa karatasi, hairudi. Ukikwaruza chemba, umeongeza nafasi ya ganda kufura zaidi, yaani umezidisha shida uliyotaka kumaliza. Na sheria ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kufanya biashara ya kurekebisha silaha bila kusajiliwa. Fundi wa gereji angeingia matatani na anko pia, sababu ya springi.

"Mpya itazoea" nayo imeua watu. Wanajeshi wa Marekani walipopelekwa Vietnam na M16 zikiwa mpya miaka ya sitini, baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba hazikuwa zimepakwa kromu, na wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia. Maganda yakakwama. Watu walikutwa wamekufa kando ya bunduki walizokuwa wakijaribu kuzizibua kwa fimbo ya kusafishia. Kufikia 1967 Bunge lao lilikuwa linachunguza.

Yule mzee wa msasa alikuwa na jibu, na ni jibu zuri, ndio maana naandika hii. Alisema: "Kijana, babu zako walitengeneza bunduki na bomba la maji. Hii itashinda nani?"

Ni kweli walitengeneza. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, wapiganaji kwa misitu ya Mlima Kenya, upande wa Meru, Embu na Nyeri, walikuwa na bunduki chache sana za kiwandani. Mafundi wao wakachukua bomba la maji likawa mtutu, mbao ya msituni ikawa kitako, komeo la mlango likawa cha kugonga risasi, na mpira wa tyubu ya gari ukawa springi. Fikiria hilo dakika moja. Mtu hana leithi, hana umeme, anatoa bunduki kwa vitu vya hadweya. Nikiona meme za "Mau Mau na mabomba" nashindwa watu wanacheka nini.

Lakini angalia ni nini hakikuwa kwa ile orodha. Ndoano. Bomba la maji halikuundwa kwa kipimo cha risasi. Ganda likifura ndani ya bomba lisilo na kipimo, linajaza kila shimo na kila mkwaruzo. Bila ndoano, unalisukuma kwa fimbo kutoka mbele, ukiwa umelala kwa matope na askari wako mita chache mbele. Kwa hivyo ile ilikuwa silaha ya risasi moja, na nyingine zilimlipukia mwenyewe mkononi. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza Mlima Kenya hadi aliposhikwa Januari 1954, alikuwa amepigana Burma na jeshi la Waingereza. Mtu kama huyo alijua tofauti ya bunduki ya kiwandani na bomba. Ndio maana za kiwandani zilitafutwa kwa damu.

Na bei yake ilikuwa kamba. Kupatikana na silaha, hata risasi, kulikuwa kosa la kunyongwa. Waliopelekwa kitanzini wakati wa hali ya hatari ni zaidi ya 1,000, na wengi hawakushtakiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 18, 1957 kwa kupatikana na rivolva. Musa Mwariama wa Meru ndiye alikaa msituni hadi Desemba 1963, Uhuru ukiwa umefika, akatoka na watu wake.

Kwa hivyo mzee wa msasa, kwa heshima: babu zetu hawakukosa ndoano kwa kupenda.

Kama kwenu Runyenjes, Tigania ama Mbeere kuna mzee wa umri huo bado anakumbuka, usimuulize aliua wangapi. Muulize ganda alikuwa analitoaje. Rekodi sauti, hata kwa simu mbaya, unitumie.