Mutoto anakomea, kiti kibadilike

Kwa barabara ya Likasi–Kolwezi, katikati ya makamio ya madini, ninaona mama amepakata mutoto mbele ya motokari. Mikono haiwezi! Motokari ikigonga kwa mbio ya kilometa 50 kwa saa, mutoto wa kilo 10 anavuta kama kilo 200.

Mudogo aangalie nyuma, kupita miezi 15: kichwa ni kizito, shingo ingali laini. Kisha kiti cha kuangalia mbele, chenye mikaba yake. Akikomea tena, kiti cha kumuinua, mukaba upite kwa bega na mifupa ya kiuno, hapana kwa shingo wala tumbo, mpaka karibu meta 1.50.

Musimuhamishe mbio: mumupime kwanza. Na kiti cha okazio kikiwa kilipata aksida, mukiache, hata bei ikiwa ndogo.