Mkate, Usingizi na Sala



Ndugu zangu wapendwa, mara nyingi mzazi huja ofisini kwangu na swali hili: "Padre, mwanangu halali, hali, wala hatamani tena kuishi. Nimpeleke hospitali, au tumwombee?" Jibu langu ni moja: yote mawili, na hospitali isicheleweshwe.

Tumtazame nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Amechoka, ana hofu, ameketi chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hamkaripii kwa uhaba wa imani. Anamwacha alale. Malaika anamletea mkate na maji, tena mara mbili. Baada ya mwendo wa siku 40, kule Horebu, Bwana anamwuliza anafanya nini hapo, naye Eliya anaumimina uchungu wake wote. Hatimaye anapewa kazi ya kufanya, na Elisha wa kuandamana naye. Mwili, moyo, roho, wenzake: hakuna kilichosahauliwa.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna, Myahudi aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, alifundisha jambo linalokaribiana na hilo. Kwake mwanadamu ni mwili, nafsi na roho kwa pamoja, na tiba isiyojali maana ya maisha yake humwacha nusu. Hata hivyo hakuacha kuwa daktari wa magonjwa ya akili, wala hakuidharau dawa.

Basi tujifunze kuuliza maswali yote. Je, analala? Anakula? Ana ugonjwa mwingine mwilini? Amefiwa, ana deni, anapigwa nyumbani? Anaona bado ana sababu ya kuishi? Kila swali lina mtu wake: daktari, mshauri nasaha, ndugu, padre.

Kitubio huondoa dhambi. Sonona si dhambi, ni ugonjwa. Ninapompaka mgonjwa mafuta matakatifu simwambii atupe vidonge vyake. Anayemwambia hivyo kwa jina la imani anamjaribu Mungu, ambaye, kama anavyotufundisha Yoshua bin Sira katika sura ya 38, ndiye aliyemwumba tabibu na kuziotesha dawa kutoka ardhini.

Wanajumuiya, wiki hii mtembeleeni mmoja aliyejifungia ndani. Mpelekeeni uji kabla ya mahubiri. Kaeni naye, msikilizeni, kisha salini pamoja.

Nawatakia Dominika njema.