Watoto na Watungaji wa Nyimbo

Watoto wengi wa Morogoro huimba wimbo wa taifa wasijue kwamba tuni yake ina mwenyewe. Aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni Afrika Kusini, mwaka 1897. Mimi huwaambia wanafunzi wafumbe macho, waifuate sauti ya nne peke yake hata mwisho. Kisha wausikilize tena, waifuate ya kwanza. Baadaye ndipo twamwendea Handel na “Haleluya” yake, iliyoimbwa kwanza mwaka 1742, maana humo sauti hupokezana kwa haraka. Wazazi wengine husema twapoteza saa. Lakini juzi mtoto mmoja wa Matombo aliniuliza, “Mwalimu, Sontonga naye alikuwa mwalimu wa shule. Je, wewe umetunga upi?”