Kipaza Sauti Kipi?

Matangazo yanapokatika katika jengo la ghorofa tano, bawabu humwambia fundi: "Kipaza sauti kimekufa." Kipi? Jina hilo hubebeshwa maikrofoni, amplifaya na hata spika za darini. Fundi hawezi kutibu jina. Sharti atenganishe viungo. Huzima amplifaya, akachomoa nyaya zote za spika, kisha akaijaribu kwa spika moja yenye transfoma. Ikisema, ni nzima. Ugonjwa umo katika nyaya au spika. Hapo hurudisha ghorofa moja moja, akizima kila anapounga, hadi ile yenye ila ijifichue. Katika mfumo wa volti 100, spika moja iliyofungwa bila transfoma, au nyaya mbili zilizogusana, huweza kuizima amplifaya isiyo na kosa. Jumla ya wati za spika nayo haifai kuzidi uwezo wake.

Siku ya moto, tangazo lisiposikika, roho za watu zimo hatarini. Kwa hiyo kutofautisha istilahi si anasa ya maktabani. Kipaza sauti na kibakie jina la spika. Amplifaya iitwe kikuza sauti, nayo maikrofoni ibaki maikrofoni.